"Log in": gogo lililotupwa tezini likaishia kwenye simu yako

Wiki mbili zilizopita nilikuwa steshenari karibu na nyumbani, nasubiri kutolewa kopi za vyeti. Kwenye kompyuta ya pembeni alikaa binti mmoja anayeomba kazi kwa njia ya mtandao. Alikuwa amejisajili tangu juzi na ujumbe wa kuthibitisha anao, lakini kila akijaza fomu anajibiwa kwa maandishi mekundu kwamba barua pepe hiyo imeshatumika. Akamgeukia kijana wa pale: "Kaka, kuna mtu kaiba email yangu?"

Kijana akainama, akatazama kioo. "Dada, umebonyeza sign up. Wewe sasa hivi ni wa log in."

"Sasa si yote ni kuingia?"

Swali lile sikuweza kuliacha pale. Tangu huduma nyingi zihamie mtandaoni, kuanzia mikopo ya elimu, maombi ya kazi, leseni, kodi hadi matokeo, watu wazima wenye akili zao timamu wanakwamishwa na vitufe viwili vilivyokaa jirani. Wanajiona wajinga, na si wajinga. Hawajaambiwa tu kwamba maneno yale ni tofauti, na kwamba mojawapo lina historia ndefu iliyoanzia kwenye kipande cha mti kinachoelea baharini.

Tuanze na maana. "Sign up" ni kuandikishwa kwa mara ya kwanza. Mfumo haukujui, unaupa jina na namba yako, unakufungulia ukurasa wako. "Log in" ni kujitambulisha kwa mfumo ambao umeshakuandikisha, ili ukuruhusu kuingia kwenye ukurasa huo. "Log out" ni kuujulisha kwamba umeondoka. Fikiria shule. Mzazi humwandikisha mtoto darasa la kwanza mara moja tu, hamwandikishi upya kila Jumatatu. Lakini kila asubuhi mwalimu anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina, na mtoto anaitikia "nipo". Kuandikishwa kule ni "sign up", na ile "nipo" ya asubuhi ni "log in". Yule binti alikuwa anajaribu kujiandikisha shule moja mara ya pili kwa jina lilelile, na mwalimu mkuu akawa anamwambia, kwa haki kabisa, kwamba jina hilo tayari limo.

Kiingereza kina ukoo mkubwa wa vitenzi vya namna hii, vitenzi vya maneno mawili, ambapo neno dogo la pili linaigeuza maana ya la kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba "look" ni kutazama. Halafu anakutana na "look for", anaambiwa ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Look into" ni kuchunguza. Anahisi amedanganywa, wakati mambo haya sisi tunayafanya kila siku, ila tunayafanyia mahali pengine. Chukua kitenzi "funga". Badilisha mkia wake upate fungua, fungia, fungana, fungisha. Mzigo wa maana tunaubebesha mwisho wa kitenzi, ndani ya neno lilelile. Mwingereza anauweka nje, kwenye kineno kinachotembea pembeni na ambacho wakati mwingine kinaachana kabisa na mwenzake, kama anaposema "log me in", yaani niingize.

Tuna pia "piga". Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na katika yote hayo hakuna anayeumizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akitafsiri neno kwa neno atashangaa kwa nini tunazichapa nguo baada ya kuzifua. Vitenzi vingi vya maneno mawili vya Kiingereza viko hivyo, ukivipasua huambulii kitu.

"Log in" ni afadhali, kwa sababu ukiipasua vipande vyote viwili bado vina maana. "In" ni ndani. Na "log"? Hapo ndipo panapochanganya. Ukifungua kamusi ya Kiingereza, maana ya kwanza utakayoikuta ni gogo, gogo la mti, na neno hilo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Gogo na nywila vinahusiana vipi? Inabidi tupande meli.

Nahodha wa zamani akiwa katikati ya bahari, haoni nchi kavu upande wowote, alihitaji kujua amesafiri umbali gani. Dira ilimwonyesha anaelekea wapi. Saa ya mchanga ilimwambia muda gani umepita. Kilichokosekana ni mwendo. Ukiwa barabarani unaweza kuhesabu nguzo za umeme, lakini baharini hakuna nguzo. Maji yanapita ubavuni na jicho halina pa kushika.

Mabaharia wa Kiingereza walipata ufumbuzi rahisi sana: tupa kipande cha mti majini, ukifunge kamba, uone kamba inakwenda kwa kasi gani. Kipande kinabaki pale kilipoangukia, chombo kinaondoka. Ni sawa na kufunga kamba kwenye mwembe, ukatembea ukiiachia mkononi, halafu ukapima umeachia kiasi gani. William Bourne, Mwingereza aliyeandika juu ya ubaharia, alikieleza kifaa hiki kwenye kitabu alichokichapisha mwaka 1574. Kwa kuwa kilichotupwa kilikuwa kipande cha gogo, kifaa chenyewe kikaitwa "log".

Baadaye kikatengenezwa vizuri zaidi. Badala ya gogo tupu, kikawa kibao chembamba chenye umbo la robo ya duara, kama kipande cha chapati iliyokatwa mara nne. Ule upande wa mviringo ulitiwa risasi, madini mazito, ili kibao kikianguka majini kisimame wima na kuyazuia maji kwa kifua chake, kisiburutwe na kamba. Kamba yenyewe ilizungushwa kwenye kigurudumu, na ilikuwa na mafundo yaliyopangwa kwa umbali sawasawa.

Kazi ilihitaji watu watatu pale tezini, yaani nyuma ya chombo. Mmoja alikishika kigurudumu kwa mikono miwili juu ili kizunguke bila kukwama. Wa pili alishika chupa ya mchanga. Wa tatu alikitupa kibao. Kamba ya mwanzo iliachwa ipite bila kuhesabiwa, mpaka kibao kitoke kwenye maji yanayovurugwa na chombo. Ilipofika alama ya kuanzia, aliyetupa alipiga kelele kwamba igeuzwe, na mwenzake akaigeuza chupa. Mchanga unashuka, kigurudumu kinalia, mafundo yanapita vidoleni moja baada ya jingine. Mchanga ukiisha, mwenye chupa anapiga kelele, kamba inakamatwa. Mafundo mangapi? Sita. Basi chombo kinakwenda fundo sita. Wanaivuta kamba kwa nguvu, kijiti kilichoshikilia kibao kinachomoka, kibao kinalala chali na kinakuja juu ya maji bila ubishi.

Hesabu yake si ya kubahatisha. Katika vipimo vilivyokuja kutumika sana, mchanga ulichukua sekunde 28 na kati ya fundo na fundo kulikuwa na mita 14.4 hivi. Sekunde 28 zilivyo ndani ya saa nzima ndivyo mita 14.4 zilivyo ndani ya maili moja ya baharini, ambayo leo ni mita 1,852. Kwa hiyo idadi ya mafundo yaliyopita katika ule muda mfupi ni idadi ya maili ambazo chombo kingekwenda kwa saa. Mpishi anaonja mchuzi kwa ncha ya kijiko akajua chumvi ya sufuria zima, nao waliionja saa kwa sekunde 28. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli, wa ndege na wa upepo hutajwa kwa mafundo, ingawa kamba ile haitupwi tena.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama kilomita 70. Chombo kinachokwenda fundo sita kitazimaliza kwa saa sita na ushei. Nahodha aliyejua hilo alijua lini aanze kutafuta taa za Unguja kwa macho. Aliyekosea hesabu aliweza kukuta mwamba kabla ya taa.

Sasa idadi ya mafundo isipoandikwa haina faida, na hapa ndipo neno linapohama. Kila baada ya muda, mara nyingi kila saa, kibao kilitupwa na jibu likaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi wenye safu: saa, mafundo, uelekeo, upepo, na nafasi ya maelezo. Mara moja kwa siku yale ya ubaoni yalinakiliwa kwenye daftari, ubao ukafutwa. Daftari lile likaitwa "log-book", yaani daftari la gogo. Watu walipochoka na urefu wa jina, daftari nalo likaitwa "log" tu. Jina la mti likalihamia karatasi. Sisi pia tumefanya hivyo: pikipiki ya miguu mitatu tunaiita bajaji kwa jina la kampuni, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine.

Daftari likaanza kubeba zaidi ya mwendo. Nani amelala zamu, nani amefariki, pipa gani la maji limefunguliwa, dhoruba imepiga saa ngapi. Baharia aliyefanya kosa aliandikwa humo, na katika meli za biashara kuandikwa hivyo kuliendana na kukatwa mshahara. Mwanzoni mwa karne ya 19 "log" ilishakuwa kitenzi: kuandika jambo kwenye daftari rasmi pamoja na saa lilipotokea. Shika maana hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokaa kwenye kitufe chako.

Kabla ya kushuka melini, niseme jambo linalonifurahisha. Kiswahili cha mabaharia kina neno batli. Batli ni daftari la safari ya chombo, na kupima batli ni kupima mwendo wake. Neno moja, kifaa na daftari, kama lilivyo la Kiingereza. Watu wa pwani waliijua kazi hii kwa jina lao wenyewe. Tena lugha yetu haikosi mazoea ya kupandisha maneno ya bahari nchi kavu na hata angani. Rubani alikuwa mwongozaji wa vyombo kabla hajawa mwendesha ndege. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa basi. Nahodha leo anaongoza wachezaji 10 uwanjani. Batli haikupata bahati hiyo, ikabaki forodhani, na ni watu wachache wa mjini wanaoijua.

"Log" ya Waingereza ilishuka pwani na kuzagaa. Viwanda vikawa na daftari la mashine, marubani wakawa na daftari la saa za kuruka, vituo vya redio vikawa na daftari la matangazo. Mwanafunzi wa chuo Tanzania akienda field anapewa logbook, kila jioni anajaza amefanya nini, msimamizi anasaini. Nenda Kenya, ukiuliza logbook, mtu atadhani unataka kununua gari, kwa sababu kule ndilo jina la hati ya umiliki wa gari ambayo sisi Tanzania tunaiita kadi. Mwenye gari anaiweka rehani kupata mkopo bila kujua kwamba jina lake limetoka kwenye kibao kilichotupwa tezini.

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa kama chumba, ghali kupita kiasi, na zilihudumia kazi moja kwa wakati. Unapanga foleni, unakabidhi kazi yako, unasubiri. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS uliowawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mtu akiwa na kifaa chake chenye vibonyezo. Fikiria mpika chapati mwenye vikaango vitatu na wateja watatu. Anageuza huku, anageuza kule, na kwa wepesi wake kila mteja anajiona kama anapikiwa peke yake. Mashine ilifanya hivyo, ila kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Kwa kuwa watu ni wengi na muda wa mashine ni mali, lazima ijulikane nani ameingia, kwa mradi upi, na ametumia dakika ngapi. Ni jambo la daftari kabisa. Basi amri ya kuanzia ikawa "login", ikifuatiwa na namba ya mradi na jina la mtu. Amri ya kumalizia ikawa "logout", na mashine ikajibu kwa kutaja muda wote uliotumika, kama muuza duka anavyokufungia hesabu. Yaani mtu alikuwa anaiambia mashine: niandike kwamba nimeingia. Na mwisho: niandike kwamba nimetoka.

Hapo pia ndipo amri hii ilipoandikwa kwa neno moja. Amri ya kompyuta huishia pale penye nafasi, na kinachofuata huchukuliwa kuwa kitu kingine, kwa hiyo "log" na "in" zilibanwa pamoja. Mashine zile, za kampuni ya IBM, zilibeba herufi 6 katika kila fungu moja la kumbukumbu, na "logout" ina herufi 6 kamili. Nje ya kompyuta, Kiingereza sanifu bado kinatenganisha: kitendo ni maneno mawili, "log in", na wakati uliopita ni "logged in". Kuandika neno moja, "login", ni pale unapotaja jina la kitu, kama ukurasa wa kuingilia au jina lako la mtumiaji. Ukiona tovuti imeandika "please login", jua wenyewe nao wamechanganya.

Nywila nayo ilikuja kwa mlango huohuo. Mafaili ya watu wengi yalikaa kwenye mashine moja, ikabidi kila mtu awe na neno lake la siri. Haikuchukua muda kuvuja. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa nne kwa wiki na hazikumtosha. Akaona kwamba anaweza kuomba faili la maneno ya siri lichapishwe kama faili jingine lolote, akaomba, likachapishwa, akaendelea na kazi zake kwa majina ya wenzake. Mwaka 1966 mambo yalikuwa mabaya zaidi: kwa hitilafu ya programu, orodha nzima ya maneno ya siri ilionyeshwa kwa kila aliyeingia, mahali ambapo kwa kawaida palikaa tangazo la siku. Kwa hiyo wanaodhani wizi wa nywila umeletwa na simu za siku hizi wakumbuke kwamba umri wake unakaribia ule wa nywila yenyewe.

Ndugu wengine wa "log in" nitawapitia haraka. "Sign in" ni kusaini kwamba umefika, kama daftari la wageni getini kwa mlinzi, na mitandaoni inafanya kazi ileile ya "log in". Usihangaike kutafuta tofauti. "Log on" vilevile, ila imepungua kutumika. "Sign up" ni tofauti, kama tulivyoona: ni kujiorodhesha, kama kutia jina kwenye mchezo wa upatu kabla ya mzunguko kuanza. "Register" ni "sign up" iliyovaa suti.

Kuna maelezo yasiyo sahihi yanayozunguka kuhusu neno hili, na baadhi nimeyasikia yakifundishwa. La kwanza ni kwamba "log" hii ni ile ya kwenye kikokotoo. Siyo. Ile ni kifupi cha logarithi, neno alilolitunga Mskoti John Napier na kulitangaza mwaka 1614 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki. "Logic" na ile "lojia" ya biolojia ni za upande huo wa Kigiriki. Hazina undugu na gogo, zimefanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Lingine ni kwamba ni gogo la kuzuia mlango, kwa hiyo "log in" ni kuondoa komeo. Ni picha nzuri, na kweli nywila inafanana na komeo, lakini neno halikupitia mlangoni. Lilipitia kwenye daftari.

Lipo pia neno "backlog", kazi zilizolimbikizana, ambalo wengi hulifasiri kama daftari la nyuma. Hilo kwa kweli ni gogo la moto. Katika meko za Kiingereza gogo kubwa liliwekwa nyuma ya moto liwake taratibu siku nzima, na kutoka hapo likaja wazo la akiba, kisha la mrundikano.

Lakini ukisikia kwamba "blogu" inatokana na gogo hilohilo la melini, hapo amini. Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger aliuita ukurasa wake "weblog", daftari la mtandaoni. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno kwa namna nyingine, "we blog", na kuanzia hapo mkia ukabaki peke yake. Anayesema ana blogu ya mapishi anasema, bila kujua, kwamba ana batli ya mapishi.

Nirudi kwa yule binti, kwa sababu naamini kosa lake halikuwa la Kiingereza peke yake. Tazama tulivyotafsiri. "Log in" tumeiita "ingia". Tumechukua "in" tukaacha "log", daftari limedondoka njiani. "Sign up" tumeiita "jisajili", na sajili ni neno la daftari, tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kuandika kwenye rejesta. Kwa hiyo kwetu daftari lote limehamia kwenye kitufe cha kwanza, na kitufe cha pili kimebaki na mlango mtupu. Mtu anaona "Jisajili" na "Ingia", anawaza: kuingia bila kuandikwa haiwezekani, basi nijisajili kwanza. Kila siku.

Waarabu walibeba vipande vyote viwili. Kitufe chao kinasema "tasjil ad-dukhul", yaani kusajili kuingia, na cha kutokea ni "tasjil al-khuruj", kusajili kutoka. Mswahili anayeishi Muscat anaviona kila siku, na kama anasoma Kiarabu kwa masikio ya Kiswahili, ile "tasjil" inaweza kumpeleka kwenye kujisajili upya wakati alitakiwa kuingia tu. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura picha ni nyingine kabisa, kwa sababu Kifaransa kimesema "se connecter", kujiunganisha. Daftari hakuna, mlango hakuna, ni waya.

Sisemi tuitupe "ingia". Ni fupi, inaeleweka, na imeshazoeleka. Ninachotaka ni kwamba anayemfundisha mama yake kutumia mfumo asiishie kumwambia "bonyeza hapa". Amwambie: kile ni cha kuandikishwa, umeshaandikishwa, usikiguse tena, hiki ni cha kuitikia jina.

Na amwambie kuhusu kutoka, maana hapo ndipo daftari lililodondoka linatudhuru zaidi. Ukielewa "log in" kama kupita mlangoni, utadhani kufunga ukurasa ni kutoka. Haiko hivyo. Unapoingia, mfumo hukipa kivinjari chako alama ndogo ya siri, mfano wa mhuri wa wino unaopigwa mkononi getini kwenye tamasha ili ukitoka kunywa maji urudi bila kulipa tena. Kufunga ukurasa ni kutoka nje ya ukumbi ukiwa na mhuri mkononi. Kwenye kompyuta ya steshenari, mkono wenye mhuri si wako, ni wa ile mashine, na anayekaa baada yako ameukuta. Kinachoufuta ni "log out": niandike kwamba nimetoka.

Daftari hilo unaweza kulisoma mwenyewe. Huduma kubwa za barua pepe na mitandao ya kijamii zina ukurasa kwenye mipangilio unaoonyesha vifaa vyote ambavyo akaunti yako iko wazi: aina ya kifaa, mji, siku na saa. Safu kwa safu, kama ule ubao wa chaki. Ukiona mstari usioutambua, unabonyeza kuutoa, halafu unabadilisha nywila.

Pale steshenari binti alifaulu kuingia, akapakia vyeti vyake, akashusha pumzi, akabonyeza alama ya kufunga na kusimama. Kijana akamwambia, "Dada, hujatoka."

"Si nimefunga?"

Akafungua ukurasa uleule. Jina la binti likatokea pale juu, na picha yake ya pasipoti pembeni. Akarudi kuketi, akabonyeza "log out" mwenyewe, jina likaondoka. Akakaa kidogo akiutazama ukurasa.

"Na ile simu ya shangazi niliyojisajilia juzi?"

"Kama hukufanya hivi, kule bado umo."

Alitoka mlangoni simu ikiwa sikioni. "Shikamoo shangazi. Hiyo simu yako uko nayo hapo?"